UZI: Nilisoma haki jinai Marekani. Kabla hujauza kiwanja kumlipia mtoto ada, pita hapa kwanza

MgosiWaTanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimepigiwa simu na ndugu watatu tofauti, swali lile lile: kijana kapata nafasi chuo Marekani, anataka kusoma haki jinai, je, ina kazi? Wa tatu nikamwambia, shangazi, ngoja niandike mahali niwe natuma linki tu. Uzi wenyewe ndio huu. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwanza jina. Bongo tangu ile Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ya mwaka 2023, neno "haki jinai" limezoeleka midomoni. Ni mnyororo mzima: polisi anakamata, mpelelezi anakusanya ushahidi, mwendesha mashtaka anapeleka kesi, hakimu anaamua, magereza wanapokea, na afisa uangalizi anabaki na mtu akisharudi uraiani. Kule Marekani mnyororo huo ni digrii kamili ya miaka minne, na vijana wanaikimbilia kweli kweli. Si sheria, loya wa kule anasoma sheria baada ya digrii ya kwanza. Si mafunzo ya upolisi. Si maabara. Ni somo la jinsi mfumo unavyofanya kazi na jinsi unavyoharibika. Wengi tunaingia hatujui hilo, na mimi ndiye niliyeongoza msafara.

Nilitoka Tanga 2011 na viza ya mwanafunzi, F-1, nikaingia chuo kimoja cha jimbo huko Ohio. Jina libaki mfukoni. Baba aliuza kiwanja cha Pongwe kulipa mwaka wa kwanza. Kilichonifanya nichague ni utoto mtupu: tamthilia za wapelelezi kwenye televisheni. Nilijiona nimevaa koti refu, naokota unywele kwa kibanio.

Miaka mitatu nzima hakuna mtu aliyeniuliza kama mimi ni raia. Mshauri wa masomo ananipangia kozi, anasaini, anatabasamu. Mwaka wa nne idara moja ya polisi ikaja chuoni kutafuta vijana. Nikapanga foleni na suti ya kuazima. Fomu yao, swali la kwanza kabisa: raia wa Marekani, ndiyo au hapana. Yule askari aliyekuwa anaandikisha, mama mmoja mpole sana, akanitazama akasema, "Rudi ukishakula kiapo." Nikaondoka na kalamu ya bure.

Kalamu hiyo ninayo mpaka leo. Iliisha wino zamani.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki: digrii hii peke yake haifungui lango lolote. Kila pingili ya ule mnyororo ina lango lake na bawabu wake, na bawabu haulizi umesoma nini, anauliza mambo yake.

Polisi wa mjini: idara nyingi zinataka cheti cha sekondari tu, kisha wanakupeleka chuo chao, wanakuchunguza mpaka majirani zako wa zamani. Digrii inakusaidia kupanda cheo, lakini kuingia unaingia hata bila hiyo. Uraia ndio ukuta. Miaka hii ya karibuni California (kuanzia 2023) na Illinois (kuanzia 2024) zimelegeza, mtu mwenye kibali halali cha kufanya kazi anaweza kuomba, ila majimbo mengi bado.

FBI: ukachero wao unataka uraia, umri kati ya 23 na 36, digrii yoyote ile na uzoefu wa kazi. Nasisitiza YOYOTE. Wanawapenda wahasibu, watu wa kompyuta, wanasheria na wenye lugha. Mwenzangu wa haki jinai anapanga foleni moja na mhasibu, na mara nyingi mhasibu ndiye anayeitwa.

Maabara ya uchunguzi: kemia au biolojia. Mtu wa haki jinai hata mlangoni hafiki.

Uloya: digrii yoyote, kisha shule ya sheria miaka mitatu, kisha mtihani wa jimbo.

Uangalizi wa wahalifu, magereza, nyumba za mpito, mashirika ya kusaidia wahanga, watoto wenye kesi: hapa ndipo digrii yetu inapoheshimika. Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Naendelea kesho, nina zamu.

---

Baharia wa Kigogo

Nimeweka mkeka. Ila mgosi, digrii ya kukamata wezi? Si bora ufundi bomba?

---

HGL_Mtupu

Mkuu asante. Mimi nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), nina daraja la pili. Ndoto yangu upelelezi. Hapa hapa nyumbani nisome nini? Ughaibuni sina ndugu wala kiwanja.

---

Mama Kulwa

Mimi ndiye wa simu ya tatu jamani, shangazi mwenyewe. Naendelea kusoma, mtuwekee yote.

---

MgosiWaTanga

Nimerudi. Baharia, fundi bomba wa Ohio ananizidi mshahara na sibishani naye. Ila tulichosoma si kukamata wezi.

Hii digrii ina historia yake. Mmarekani miaka ya sitini alikuwa na maandamano na ghasia mijini, na polisi wengi waliishia sekondari. Rais Johnson akaunda tume mwaka 1965, ikatoa ripoti 1967, ikasema pamoja na mengine kwamba polisi wapelekwe vyuo vikuu. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyotoa mikopo na ruzuku kwa askari wanaotaka kusoma. Pesa ikishamwagwa mnajua kinachofuata: kila chuo kikafungua idara. New York walikuwa wameshatangulia na chuo chao cha polisi cha 1964, ndicho leo kinaitwa John Jay. Kwa hiyo digrii hii ilishonwa kwa ajili ya mtu ambaye TAYARI ana kazi. Askari anasoma jioni, kesho anarudi kazini na cheti. Halafu ikageuka ya vijana wa miaka 18 wasio na kazi wala sare. Hiyo ndiyo kasoro yake ya kuzaliwa, na brosha haitakuambia.

Sasa ya darasani. Mwaka wa kwanza ni utangulizi, unachora ule mnyororo mpaka unauota. Wa pili nadharia: Beccaria, yule Mtaliano wa 1764 aliyesema adhabu ya hakika inazuia uhalifu kuliko adhabu kali, halafu Mtaliano mwingine, Lombroso, aliyekuwa anapima mafuvu ya wafungwa akitafuta mhalifu wa kuzaliwa. Darasani tunacheka, kisha mwalimu anauliza: mnapomwona kijana mwenye rasta usiku mnabadilisha upande wa barabara? Kimya.

Mwaka huo huo, kesi. Gideon ndiyo niliyoipenda: mfungwa wa Florida, hana loya, anaandika kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu kulalamika kwamba alishtakiwa bila wakili kwa kuwa ni maskini. Mwaka 1963 majaji wote tisa wakakubaliana naye. Nyumbani Sheria ya Msaada wa Kisheria tumeipata 2017. Mwaka huo ilipopita nilipiga hesabu ya lile pengo nikiwa chumbani kwangu, nikakosa usingizi.

Lakini kozi iliyonilisha mpaka leo ni ile niliyoichukia: mbinu za utafiti na takwimu. Pale nilikutana na jaribio la Kansas City. Mwaka 1972 polisi wa huko waligawa maeneo 15 mafungu matatu. Fungu moja wakaondoa kabisa doria ya magari, waje wakiitwa tu. Fungu la pili doria ya kawaida. La tatu wakaongeza mara mbili mpaka tatu. Mwaka mzima. Matokeo: uhalifu haukutofautiana, hofu ya wananchi haikutofautiana, wengi hata hawakutambua kwamba doria imebadilika. Mimi mtoto wa Ngamiani niliyekua nikiamini difenda ikipita mtaa unatulia, nilisoma kurasa zile mara mbili.

Tena mwalimu akaniuliza kwenu ulinzi ukoje. Nikaandika kuhusu sungusungu: walivyoanza Usukuma na Unyamwezi mapema miaka ya themanini kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, filimbi, mishale, kumtenga mtu kijijini, na jinsi serikali ilivyokuja kuwapa nafasi kisheria, na pia damu isiyo na hatia iliyomwagika. Ndiyo karatasi pekee niliyopata alama kamili. Mwalimu mwenyewe hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Vijana mnaoenda huko, msijifanye mmezaliwa Ohio. Mlichokiona nyumbani ni mtaji.

---

Karani wa Korokoroni

Mkuu unaandika vizuri. Mimi nimekaa mahakamani miaka 26, sasa mstaafu, namjibu HGL_Mtupu.

Mjukuu, hapa kwetu mpelelezi anatoka Jeshi la Polisi, TAKUKURU, au Mamlaka ya Dawa za Kulevya. Kwa polisi unaomba nafasi zikitangazwa, unapita chuo cha polisi Moshi, unavaa sare, unaanza chini, kisha ndiyo unapelekwa upelelezi. Hakuna digrii inayokurusha moja kwa moja mpaka ofisi ya upelelezi. Ila wakati wa kugawa watu, mwenye sheria, uhasibu au kompyuta anaonekana.

Kwa mchepuo wako sheria inakufaa. Dar wanayo, Mzumbe wanayo, na wengine. Kama alama hazitoshi, pale Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanatoa cheti na stashahada ya sheria, unapanda taratibu. Nimewaona makarani waliotoka pale wakaishia kuwa mahakimu. Ukitaka kuwa wakili wa Serikali, baada ya shahada kuna Shule ya Sheria kwa vitendo. Zamani polisi ndio waliokuwa wanaendesha mashtaka kortini, nimewaona kwa macho yangu, wengine hodari wengine balaa. Tangu sheria ya 2008 kazi hiyo imekuwa ikihamia kwa mawakili wa Serikali chini ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka.

Kama moyo wako uko kwa watu zaidi ya kesi, tazama ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 imewapa maafisa ustawi kazi kubwa kwenye kesi za watoto, na kuna adhabu ya huduma kwa jamii tangu 2002. Watu wa kuisimamia ni wachache.

Na uzisome Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, hata kabla ya kwenda chuo. Ukiona usingizi ukurasa wa tano, tafuta fani nyingine.

---

HGL_Mtupu

Shikamoo babu. Nimeelewa. Sura ya 16 naianza leo.

---

Nyeri254

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu mambo yako kati ya hapo na hapo. Vyuo kadhaa vina digrii ya kriminolojia. Dedan Kimathi hapa Nyeri wanafundisha kriminolojia na usimamizi wa usalama. Nimesomea hiyo kozi. Darasa letu, ukiniuliza wako wapi: wachache wameingia polisi, na huko walianzia chuo cha polisi Kiganjo kama kurutu wengine wote. Wengine wako probesheni. Wengi, na hii watu hawasemi, wako benki, bima na kampuni za simu wakichunguza utapeli. Mimi ni wa bima. Mtu analeta ajali ya gari ambalo lilikuwa limepaki, mimi ndiye wa kwenda kumwuliza maswali.

Uendeshaji wa mashtaka kwa ODPP, ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka, ni wa mawakili. Ukitaka kesi, soma sheria. Msidanganywe na neno "jinai" kwa jina la kozi.

Mgosi, umegusia uchunguzi wa kidijitali? Huku ndiko pesa imehamia.

---

MgosiWaTanga

Nyeri umenikumbusha kitu muhimu, Mama Kulwa soma hapa kwa makini.

Mwanafunzi wa F-1 akimaliza anapewa miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yake, inaitwa OPT. Waliosoma fani zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia wanaongezewa miezi 24. Haki jinai ya kawaida haimo kwenye orodha. Sayansi ya uchunguzi wa maabara imo. Uchunguzi wa jinai kwa kompyuta nao umo. Madarasa yanakaribiana, pengine jengo ni moja, lakini mmoja ana mwaka mmoja wa kutafuta mwajiri na mwenzake ana mitatu. Mimi nilijua hilo nikiwa nimebakiza muhula mmoja.

Jambo la pili ni ithibati. Kuna vyuo vinavyoendeshwa kwa faida vilivyojaza matangazo ya haki jinai kwenye televisheni za mchana. Mwaka 2012 mwanasheria mkuu wa Illinois alikishtaki chuo kiitwacho Westwood kwa sababu hiyo hiyo: vijana wamekopa pesa nyingi kusoma haki jinai, kumbe idara za polisi za huko hazikitambui cheti chao. Kesi ikaisha kwa mamilioni ya madeni kufutwa mwaka 2015, na chuo kikafunga milango 2016. Kwa hiyo usiulize tu kama chuo kina ithibati. Uliza ni ya nani, halafu mpigie mwajiri umwulize kama anaikubali.

Haya, nimalizie safari yangu. OPT yangu nilifanya kwenye nyumba ya mpito, wanapokaa watu waliotoka gerezani kabla ya kurudi mitaani. Ni shirika binafsi, hawakuuliza uraia. Mshahara wa njugu. Kazi yenyewe: kuhesabu vichwa saa 4 usiku, kupima mkojo, kumsaidia mtu wa miaka 50 kujaza fomu ya kazi ambayo ina kisanduku cha "umewahi kufungwa?". Siku moja mzee mmoja aliyekaa ndani miaka 22 aliniomba nimfundishe kununua tiketi ya basi kwa simu. Tulisimama kituoni mabasi matatu yakapita.

Hapo ndipo nilipojua nimesomea nini.

Baadaye nikaoa, nikapata grinikadi, kaunti ikaniajiri kuwa afisa uangalizi. Kati ya kila watu kumi wanaotiwa hatiani kule, zaidi ya tisa wamekiri wenyewe, wengi kwa makubaliano, kesi hazifiki kusikilizwa. (Kwetu utaratibu wa makubaliano ya kukiri umeingia 2019, Kenya walitangulia 2008.) Kwa hiyo televisheni inawaonyesha maloya wakipaza sauti mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi, kumbe mfumo wenyewe unaendeshwa na karatasi: ripoti ninayoandika mimi kabla ya hukumu, ambayo hakimu anaisoma kwa dakika chache na kumpeleka mtu jela au nyumbani. Kuandika ripoti safi, fupi, isiyo na chumvi. Ningerudi chuo leo ningechukua uandishi mara mbili na karate nisichukue kabisa. Ndiyo, nilichukua karate. Nilipewa krediti moja.

---

Baharia wa Kigogo

Karate 😂😂 mgosi wewe. Lakini hiyo ya mzee na basi imenikaa.

Swali la kweli sasa: jela na gereza kule si kitu kimoja?

---

MgosiWaTanga

Vitu viwili. Jela (jail) ni ya kaunti: wanakaa mahabusu wanaosubiri kesi na wenye vifungo vifupi, kwa kawaida chini ya mwaka. Gereza (prison) ni la jimbo au la taifa, vifungo virefu. Sisi Kiswahili tunasema jela tu, na hapo ndipo wakalimani wanapochanganya watu.

Na kwa kuwa nimegusa ukalimani: wakimbizi wa Kongo ni wengi Ohio, na kesi zao zinaletwa kwetu kwa sababu "kuna Mswahili ofisini". Niliwahi kukaa kwenye kikao mkalimani akiwa wa pwani kama mimi. Shahidi, mama wa Kivu, akasema kuhusu kijana wake: "Alitosha kisu." Mkalimani akakwama, akatafsiri kitu kama "kisu kilimtosha". Loya wa utetezi akaanza kujenga hoja juu ya upuuzi huo. Nikaomba ruhusa, nikamwuliza mama yule pembeni ya kikao: alikitoa wapi? "Kwa mukono ya mwenzake." Kumbe kwa Kiswahili chao "kutosha" ni kutoa, na kijana alikuwa anamnyang'anya mwenzake kisu. Neno moja, miaka kadhaa ya mtu.

---

Mutoto wa Uvira

Hapo kwa "kutosha" umesema kweli kabisa. Kwetu mtoto tunamwambia "tosha viatu" mbele ya kuingia mu nyumba. Mimi niko Texas, nimeona mambo kama ile mu ofisi nyingi. Watu ya Dar wanakuya kututafsiria na sisi tunaogopa kuuliza, tunasema ndiyo ndiyo tu. Vijana yetu wasome hii kazi.

---

Karani wa Korokoroni

Hili la ukalimani peke yake linastahili uzi wake. Korokoroni nimeona Mmang'ati anatafsiriwa na mtu aliyeokotwa kwenye benchi la nje.

---

Mama Kulwa

Wanangu nimesoma yote, usiku nimelala saa 8. Juzi nimewapigia chuo. Nilimwuliza yule msichana wa udahili: mwanafunzi wa kigeni akimaliza hii kozi ataajiriwa na nani? Akasema nafasi ni nyingi. Nikamwambia nitajie tatu ambazo hazitaki uraia. Akasema atanirudia. Siku ya tatu leo.

Nimemwambia Kulwa aachane nayo asome uhasibu. Amenuna. Nimempa linki ajibu mwenyewe.

---

Kulwa_mwenyewe

Shikamooni wote. Mimi ndiye mtoto.

Nimesoma uzi. Mgosi, mambo ya televisheni si yangu, sina hata muda wa tamthilia. Baba mdogo alikaa mahabusu miaka minne kwa kesi isiyo na dhamana. Kila baada ya siku 14 tunakwenda mahakamani, anapanda kizimbani, wakili wa Serikali anasema upelelezi bado haujakamilika, anarudishwa. Nilikuwa darasa la sita mara ya kwanza, nikiwa kidato cha pili ndiyo akaachiwa. Hakuna aliyemshtaki tena, hakuna aliyemwomba radhi. Duka lilishakufa. Mama hapendi niliseme hili hadharani lakini nimelisema.

Mimi nilitaka kujua kwa nini siku 14 zinageuka miaka minne. Nani anachelewesha, faili linakaa meza gani, kwa muda gani, na mtu anaweza kulipima vipi hilo. Sheria nimeangalia, inanifundisha kinachotakiwa kutokea. Nilidhani haki jinai inanifundisha kinachotokea kweli. Kama nimekosea niambieni, uhasibu sitakataa.

---

Karani wa Korokoroni

Mjukuu, hujakosea. Mimi nilikuwa naandika hizo tarehe. "Kutajwa tarehe fulani." Daftari zima. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuniomba daftari lile azihesabu.

---

MgosiWaTanga

Kulwa, nimekaa na simu mkononi nusu saa.

Nirekebishe kauli. Niliandika kwa ajili ya mtu anayefuata sare kama nilivyofuata mimi. Wewe unafuata faili. Hilo ndilo swali lenyewe la fani hii, wengine tulilikuta mwaka wa tatu, tena kwa bahati.

Shangazi, naomba usimpeleke uhasibu kwa hasira. Ila Kulwa, twende kwa hesabu. Ukitaka kupima meza zinazochelewesha mafaili ya Tanzania, ushahidi wako uko Tanzania, kwenye madaftari ya kina babu Karani. Hauko Ohio. Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza: shahada ya kwanza nyumbani, sheria au takwimu au sosholojia, utumie likizo kukaa mahakamani na kalamu, kisha utoke kwa shahada ya pili ukiwa tayari una data mkononi. Vyuo vikuu vya huko hutoa ufadhili zaidi kwa ngazi hizo kuliko kwa digrii ya kwanza, na kiwanja cha mama kinabaki. Ya pili: uende sasa, haki jinai iwe somo la pili na takwimu au kompyuta iwe somo kuu, upate ile miaka mitatu ya OPT.

Mimi ningechukua ya kwanza. Nasema hivyo nikijua kabisa kwamba mwaka 2011 mtu angeniambia maneno haya nisingemsikiliza.

---

Mama Kulwa

Chuo wamejibu. Wametuma brosha.

---

Kulwa_mwenyewe

Babu Karani, hayo madaftari yanahifadhiwa wapi yakijaa?

---

Karani wa Korokoroni

Masjala. Stoo ya nyuma, pembeni ya choo. Panya wapo. Njoo na barakoa, na barua ya utambulisho kutoka chuo, bila barua hawakufungulii. Nipigie kabla, ufunguo najua uko kwa nani.